Nilivyotafuta Unesi Karibu na Nyumbani

Cheti changu cha uuguzi nilikiharibu mwenyewe, nikiwa na akili timamu, na nikamlipa mtu anisaidie kukiharibu. Nianze na hilo kabisa, nisije nikaonekana huko mbele kama mtu aliyeonewa.

Ilikuwa Februari 2017, siku moja kabla ya kukipeleka Pretoria. Niliteremka kutoka kwetu Troyeville, hapa Johannesburg, hadi mtaa wa Jeppestown, nikamkuta bwana mmoja mwenye mashine za fotokopi chini ya ngazi za ghorofa, nikamkabidhi cheti na kumwambia akitie plastiki. Yule bwana alikigeuzageuza. Akapitisha kidole juu ya muhuri, ule wa kubonyezwa, usio na wino, unaosimama kwenye karatasi kama upele.

"Mama, una uhakika?"

Nikamwambia ninao.

"Lakini hiki ni chenyewe. Siyo kopi."

Nikamwambia ndiyo maana. Tena nikaomba plastiki nene, ile wanayotilia menyu za mgahawani.

Kwa ambao hawakulelewa na baba kama wangu, inabidi nieleze. Baba alikuwa karani wa ghala Morogoro, na nyumba yetu ilikuwa na mchwa chini na bati linalovuja juu. Karatasi katikati haikuwa na bahati. Basi baba kila alichokipata chenye maandishi alikitia plastiki: kadi zetu za kliniki, vyeti vya ubatizo, hadi risiti ya baiskeli iliyokwisha kuibwa. Kwetu mtu mwenye cheti kisicho na plastiki tulimwona kama mtu aliyekwenda harusini na ndala. Na cheti changu mimi kilikuwa kimekaa uchi miaka yote, ndani ya kopo la biskuti. Sasa kinasafiri kwenda mji wenye serikali. Nikaona aibu. Nikakivisha.

Dada wa mapokezi kule Pretoria, kwenye baraza la wauguzi, alikilaza mezani akakigonga na ukucha, ko ko, kama anabisha hodi.

"Muhuri uko wapi?"

Nikamwonyesha. Akapapasa. Palikuwa laini kama sahani. Joto la mashine lilikuwa limeulaza ule upele wote, hata kivuli chake hukioni mpaka uinamishe kichwa.

"Hii ni kopi ya rangi, mama."

"Siyo kopi."

"Mimi kopi za rangi nazigusa kila siku."

Sitamsingizia, hakuwa na ukali. Alikuwa na mafua, na alinieleza mara mbili bila kupandisha sauti, kisha akanipa karatasi ya maelekezo. Faili halifunguliwi bila cheti halisi. Kama changu kimeharibika, baraza la kwetu Tanzania linaweza kunipa kingine, na hapohapo watoe barua ya kuthibitisha kwamba mimi ni nesi kweli na sina doa. Barua itoke ofisi kwenda ofisi.

"Siwezi kuileta mwenyewe?"

"Siyo kwa mkono wako," akasema, akautazama mkono wangu kwa namna ambayo sikuweza kumlaumu.

Nyumbani nilijaribu kukivua. Kwanza kwa mvuke wa birika, kisha kwa pasi. Mume wangu akasema amesikia kwamba baridi hulegeza gundi, kwa hiyo cheti kililala kwenye friza siku mbili, kati ya miguu ya kuku na mifuko ya mahindi ya kugandishwa. Jirani yangu ndiye aliyekikuta. Ni Mkongo, anatoka Bukavu, amepanga chumba cha uani kwetu na anashona sare za kwaya za makanisa. Alikuja kuomba barafu.

"Dada, hii karatasi inafanya nini mu frigo?"

"Ni cheti changu cha unesi."

"Kinagonjwa?"

Nilipokitoa nikavuta kona kwa uangalifu wote wa mtu aliyesomea kufungua vidonda. Plastiki ilikubali. Ila ilitoka na picha yangu, uso wote, ikabaki shingo na kola. Mume wangu alikiinua kwenye mwanga.

"Sasa umekuwa nesi kamili," akasema. "Huna sura, una sare tu."

Mume wangu ni Msauzi aliyezaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni enzi za ubaguzi, kwa hiyo Kiswahili chake hakina mkwaruzo na utani wake ni wa kwetu kabisa, kwa bahati mbaya. Ni fundi wa lifti. Tulioana kule, tukaja huku mwaka 2008, na tangu siku hiyo mimi nilikuwa mtu wa ndani. Wengine wanasema hivyo kwa kulalamika. Mimi nilipenda. Nilipika, nikalea watoto wawili ambao Kiswahili wanakielewa kama mbwa anavyoelewa mluzi, wanageuka, wanakuja, hawajibu. Nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, wakikasirika kwa Kizulu. Johannesburg niliijua kama mgeni anavyoijua nyumba aliyoishia sebuleni. Soko, shule, kanisa, duka dogo la spaza la pale kona, basi.

Kisha mwanzoni mwa 2017 kampuni ya mume ikampunguzia siku, kutoka tano hadi tatu. Akawa anashinda nyumbani Alhamisi na Ijumaa, anafungua vyungu vyangu na kutoa maoni. Nikaamua kutafuta kazi. Watu walidhani ni shida, na shida ilikuwepo, ila kulikuwa na hayo maoni pia.

Kazi yenyewe niliiona kabla ya kuitafuta. Chini ya mtaa wetu, mwendo wa dakika kumi, kulikuwa na nyumba ya wazee, jengo la zamani la matofali mekundu lenye waridi mbele na wazee wengi wa Kireno ndani. Nilikwenda Januari nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Matroni alikuwa mama wa Kizungu mnene, mwenye miwani mbili, moja kichwani na moja machoni, na wakati wote wa usaili alikuwa akiitafuta ile ya kichwani. Alinisikiliza. Mimi ni nesi wa ngazi ya cheti, miaka miwili baada ya kidato cha nne, wale ambao hospitalini tunafanya kila kitu isipokuwa kusaini. Akasema anaye mmoja kama mimi, wao humwita "staff", na anastaafu mwisho wa Agosti.

"Ukiniletea usajili wa Pretoria kabla yeye hajaondoka, nafasi ni yako. Bila usajili, sheria hainiruhusu. Kwa sasa naweza kukuchukua kama kea."

Kea ni mtunzaji. Anaosha, anageuza, analisha, anafuta, anaanza upya. Dawa hagusi. Tepe nyeupe za mabegani, zile zinazomtambulisha staff kwa kila anayeingia mlangoni, havai.

Nikakubali, kwa sababu Agosti ilikuwa mbali, na kwa sababu, hili sikulisema kwenye usaili, ukisimama getini kwao unaliona bati la nyumba yangu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipotoka Pretoria na cheti changu cha menyu. Mahali pangu pa kazi pameshatajwa, tarehe imeshatajwa, na kilichobaki ni karatasi tu.

Nikampigia dada yangu, Morogoro. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka sita na hajawahi kuusahau hata mmoja. Nikamwomba aende baraza la wauguzi la kwetu kwa niaba yangu. Jibu lake lilikuja kwa sauti iliyorekodiwa, na nusu ya kwanza ilikuwa kicheko tu.

"Mdogo wangu, baba amefariki, lakini plastiki yake inaishi. Haya nitakwenda. Ila niambie ukweli, leseni yako ya kule umeihuisha mara ya mwisho lini?"

Leseni ya uuguzi kwetu ina muda wake. Inaisha, unaihuisha. Mimi nilipoolewa niliiona kama kadi ya maktaba, kwamba ukiacha kusoma basi. Miaka tisa. Kwa baraza la kwetu nilikuwa nimekufa, au nimeokoka.

Basi ikabidi kwanza nifufuliwe. Fomu, picha, maelezo ya kwa nini, barua ya mtu wa kunithibitisha tabia, na nakala za pasipoti na vyeti vya shule. Nakala hizo lazima zigongwe muhuri polisi, na kila ofisi inataka nakala isiyozidi miezi mitatu, kana kwamba kidato cha nne nacho kinachacha. Fomu ilikuwa ikikwama, nakala zinazeeka, narudi kituoni. Yule konstebo wa kaunta alianza kunitambua.

"Eish, mama. Ni wewe tena."

"Ni mimi."

"Wewe unaomba unesi au unaomba upolisi?"

Nilimwambia nitakachopata kwanza.

Machi nikaanza kazi. Zamu ni ya masaa kumi na mawili, tangu saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, siku nne, kisha mapumziko, kisha tena. Nilikuwa nimesahau mwili wa mtu mzima ulivyo mzito anapokuwa hajisaidii. Nilikuwa na wazee sita wa kuogesha kabla ya chai, na maji ya moto yalitosha wanne. Kwa hiyo kila asubuhi nilipaswa kuamua ni wawili gani watasubiri, na kila asubuhi wote sita walijua nimeamua vibaya. Bibi mmoja, aliyekuja toka Msumbiji zamani hizo, alinipenda. Upendo wake ulikuwa wa namna hii: hakukubali mtu mwingine amkate kucha za miguu, na muda wote nikimkata alinieleza kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika jinsi nisivyojua.

"Wewe polepole sana. Nesi hawezi polepole."

"Mimi siyo nesi, bibi. Mimi ni kea."

"Kea pia hawezi."

Uchovu wenyewe haukuwa ule wa kulala ukaisha. Ulikuwa unanisubiri kitandani asubuhi, umeshavaa. Jioni nilipanda mlima wetu mfupi, ule ule niliokuwa nikiupanda na mfuko wa viazi nikiimba, nikasimama mara mbili nikijifanya natazama simu. Nilikuwa nakaa kuvua soksi, naishia moja. Mume wangu, ambaye sasa Alhamisi na Ijumaa alikuwa mpishi, aliniwekea sahani akasema, "Karibu nyumbani, baba." Watoto wakacheka kwa Kiingereza.

Kilichonifanya nistahimili ni toroli la dawa. Yule staff anayestaafu alikuwa mama wa Kizulu, mfupi, magoti yamemwisha, na alikuwa amemwomba matroni nimsukumie toroli asubuhi. Mimi nasukuma, yeye anatoa dawa, anaandika, anasaini. Tepe zake zilikuwa zimepauka mpaka zimekuwa rangi ya maziwa ya chai. Njiani alinihoji.

"Hiki cha nini?"

"Presha."

"Na hiki?"

"Cha kutoa maji mwilini."

"Ukimpa huyu bibi jioni kitatokea nini?"

"Nitabadilisha shuka mpaka asubuhi."

Alicheka akashikilia toroli. "Mwanangu, kitabuni wanaandika kurasa mbili kusema hivyo." Kisha akaacha kucheka. "Karatasi zako zimefika wapi? Mimi magoti haya hayangoji barua."

Nilimwambia zinakuja. Nililisema neno hilo kwa miezi mitano, kwake, kwa matroni, kwa mume, kwa jirani yangu wa uani, mpaka likawa halina ladha mdomoni.

Mara moja nilijisahau. Bibi wa Msumbiji alikuwa amekiweka kikombe cha vidonge mbali, staff amegeuka kuandika, nikakishika nimsogezee. Matroni alikuwa mlangoni.

"Weka chini," akasema. Alisema taratibu kabisa, kama unavyomwambia mtoto aliyeshika kisu. Baadaye aliniita ofisini akaniambia yeye anataka niwe staff kuliko ninavyotaka mwenyewe, lakini siku mkono wangu ukionekana kwenye dawa kabla ya jina langu kuonekana Pretoria, hakuna atakayenisajili tena, wala yeye hataweza kunisaidia. Alikuwa na haki. Nilitoka nikaenda kufua mashuka, vidole vinaniwasha, vidole vilivyochoma sindano wilaya nzima ya Kilosa enzi zile, na sasa havina ruhusa ya kusogeza kikombe cha plastiki.

Katikati ya Julai dada yangu akapiga simu yenyewe, siyo kurekodi. "Umefufuka," akasema. Cheti kipya kimetoka, barua imekwenda Pretoria ofisi kwa ofisi. "Na hicho kipya, mdogo wangu, ukikipokea, kiache kipate hewa."

Kilipofika, nilichukua siku yangu ya mapumziko nikaenda Pretoria. Dada wa mapokezi alikuwa yule yule, safari hii hana mafua. Alipapasa muhuri wa cheti kipya, akafumba macho kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Faili likafunguliwa. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akapekua kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake.

"Mtihani wa wauguzi wa nje umefanyika wiki mbili zilizopita. Mwingine ni Novemba."

"Mtihani?"

"Kila aliyesomea nje anaufanya, mama. Ipo kwenye karatasi niliyokupa Februari."

Karatasi ya Februari ninayo. Niliitia kwenye bahasha bila kuisoma nyuma, kwa sababu siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kuchemsha birika.

Nilikaa Pretoria stendi ya taksi, ambazo ndizo daladala za huku, nikipiga hesabu ambayo haikuhitaji mahesabu. Lau faili lingefunguliwa Februari, mtihani wa Julai ungekuwa wangu. Nafasi ni ya Agosti. Mimi ni wa Novemba. Katikati hapo pana plastiki moja nene.

Matroni alinisikiliza huku miwani zote mbili ziko machoni, moja juu ya nyingine. Akasema pole. Akasema hawezi kuacha zamu bila staff mpaka mwakani. Sikumwomba abadilishe sheria. Nilimwomba ruhusa niende chooni.

Siku ya kumuaga staff walileta keki chumba cha kulia. Wazee waliimba, kila mmoja wimbo wake. Mwenzake wa kumrithi alikuwa ameshafika, binti mwembamba wa miaka ishirini na minne, mpole, amesajiliwa, sare mpya ina mikunjo ya dukani, ila tepe zake hazijafika. Mama wa Kizulu akafungua vifungo vya begani kwake, akavua tepe zake zilizopauka. Alinitazama mimi kwanza. Nilikuwa nimeshika sahani za keki, tatu mkono huu, mbili ule. Akamgeukia binti akamfunga, bega moja, kisha jingine, akampigapiga kama anavyopigwa farasi.

"Mwanangu," akaniambia alipopita, "hao wa chumba cha tano hawajapata keki."

Nikawapelekea.

Ningependa kusema binti yule alikuwa mbaya. Hakuwa. Aliniita shangazi, aliniuliza kila kitu, na nilimsukumia toroli kama nilivyomsukumia wa kwanza. "Shangazi, hiki nikimpa jioni?" Nilimjibu. Usiku sikuutumia kusoma sana, nilikuwa nasinzia juu ya daftari, lakini Novemba nilifanya mtihani, na mambo mengi yaliyoulizwa nilikuwa nimeyajibu tayari kwenye korido nikisukuma magurudumu. Nilifaulu. Februari 2018 jina langu likaingia kwenye rejista ya Afrika Kusini. Barua ilipofika mume wangu aliisoma kwa sauti jikoni, akasimama kama anaimba wimbo wa taifa, kisha akaificha mahali ambapo mpaka leo anakataa kuniambia, kwa usalama wa barua, asema.

Nikaenda kwa matroni. Alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. Nafasi hana. Binti ni mzuri, haondoki. "Kaa kwanza," akasema. "Siku moja mtu ataondoka." Nikakaa. Nikawa nesi aliyesajiliwa, mwenye namba, anayeogesha watu sita kwa maji ya watu wanne. Bibi wa Msumbiji nilimwonyesha namba yangu ya usajili kwenye simu, akaitazama mbali na karibu.

"Sasa kata kucha," akasema.

Mume wangu ndiye aliyepeleka jina langu kwa wakala wa manesi, wale wanaopeleka watu mahospitalini. Hakuniuliza, au aliniuliza nikiwa nasinzia, ambayo kwake ni ruhusa. Na Alhamisi moja ya Machi, siku yangu ya mapumziko, saa tisa na nusu mchana, simu ikalia. Mama wa wakala alikuwa na sauti ya haraka. Ipo nafasi ya staff hospitali moja kaskazini ya mji, wodi ya wanaume, ya kudumu, kuanza Jumatatu. Niwepo wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimpe jibu kabla ya saa kumi na moja, yupo mwingine nyuma yangu.

Nikamwambia nitampigia.

Nilikuwa nimekaa kitini jikoni, miguu juu ya kreti la soda, jua limeingia mpaka kwenye sinki, na chungu cha maharage kinachemka taratibu. Mume amekwenda kuwachukua watoto. Jirani yangu wa uani aliingia na gauni la kwaya mkononi, anatoa nyuzi za kushikizia, pini nne mdomoni. Akavuta stuli.

"Nani alipiga? Umekuwa kama umeona mufu."

Nikamweleza. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kifuani pake.

"Na umejibu je?"

"Bado. Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

Nikamwambia. Hospitali yenyewe ni taksi mbili, ya kwanza mpaka mjini, ya pili huko juu, na hiyo ya pili sijui hata inasimama wapi. Saa kumi na mbili na nusu maana yake nitoke hapa saa kumi na moja alfajiri, na Juni saa hizo ni barafu. Watoto nani atawaamsha. Akasema baba yao. Nikamwambia baba yao akiwaamsha wanakwenda shule na viatu vya michezo. Akasema viatu ni viatu. Nikamwambia mwili wangu umechoka, mwaka mzima nimeinua watu, mgongo haugeuki. Akasema mu hospitali kuna vitanda vya kupanda na kushuka na umeme. Nikamwambia wodi ya wanaume. Akasema, "Bon, ule bwana yako wa hapa nyumbani ni nini?" Nikamwambia wale wazee wamenizoea, yule bibi kucha zake. Na matroni amesema nikae, siku moja mtu ataondoka. Hapa ni dakika kumi. Hapa natoka saa moja kasoro robo na nafika. Mtu mwenye akili haachi kazi ya dakika kumi.

"Kazi ya kea," akasema.

"Kazi ni kazi."

"Mwaka muzima umenipigia kelele, tepe, tepe. Umelia hapa na keki ya watu mukononi."

"Sikulia."

"Ulilia. Na keki ulikula."

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Simu ilikuwa mezani kati yetu, kioo chake kimezimika. Niliinuka kidogo kupunguza moto wa maharage, nikakaa tena, nikamwambia pengine Mungu ana sababu zake, pengine ilikuwa imeandikwa nisiwe nesi huku, unaona mwenyewe cheti, leseni, mtihani, kila nilipogusa pamefungwa. Nilisema vizuri, nilikaribia kuyaamini mwenyewe. Yeye alikata uzi wa mwisho kwa meno, akalikunja gauni, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye kreti la soda.

"Dada, miye nilizani ni Pretoria ndio ilikukataza unesi. Kumbe ni hii kiti."